Sura ya Nne: Kwa Nini Msumbiji Ilishika Bunduki

Kila inapozungumzwa historia ya uhuru wa Afrika, swali moja hurudi, darasani, vijiweni na hata katika mabaraza ya wazee wa Mtwara na Songea: ilikuwaje Tanganyika ikapata bendera yake tarehe 9 Desemba 1961 kwa mikutano, kura na barua, ilhali ng'ambo ya mto Ruvuma, walikoishi Wamakonde, Wayao na Wanyanja wale wale, uhuru ulichelewa hadi tarehe 25 Juni 1975 na ukapatikana baada ya miaka 10 ya vita? Majibu ya kawaida ni mawili. La kwanza husema Watanganyika walikuwa na kiongozi mwenye hekima, na la pili husema Wamsumbiji walikuwa majasiri zaidi. Yote mawili yanawapendeza wanaoyatoa, lakini hayaelezi jambo, kwa kuwa Wamsumbiji nao walianza kwa maombi na mikutano, na Watanganyika nao walikwisha kupigana katika Maji Maji, kati ya 1905 na 1907, wakashindwa kwa gharama ya kutisha.

Jibu linalotetewa katika sura hii ni kwamba njia ya kudai uhuru ilichaguliwa kwa sehemu kubwa na mkoloni mwenyewe, na kwamba bunduki, pale iliposhikwa, ilifaulu kutokana na mambo ambayo kwa mtazamo wa kwanza hayafanani na vita: mpaka wa nchi jirani, mzigo wa chumvi kichwani, na uchovu wa vijana wa Kireno waliopelekwa kupigana mbali na kwao.

Kabla ya kuendelea, ni vyema maneno mawili yaelezwe. Mapambano ya silaha, kwa maana itakayotumika hapa, ni vita vinavyoendeshwa na harakati ya kisiasa dhidi ya utawala wa kigeni, kwa mpango wa muda mrefu, ili kumlazimisha mtawala aondoke au akubali kuzungumza juu ya kuondoka kwake. Maana hiyo inayatenga na ghasia za siku moja, na pia na vita vya upinzani wa mwanzo vilivyopigwa kabla ya kuwapo vyama vya kisiasa. Vita vya msituni ni mbinu tu ndani ya mapambano hayo: vikundi vidogo hushambulia ghafla kisha hutawanyika, vikikwepa kukutana uso kwa uso na jeshi lenye nguvu kuliko vyenyewe.

Mkoloni asiyetaka kuulizwa

Tanganyika ilikuwa na bahati ya kisheria ambayo husahaulika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, maana yake Uingereza iliitawala kwa niaba ya jumuiya ya kimataifa na ililazimika kutoa taarifa za utawala wake. Ndiyo sababu Julius Nyerere aliweza, mwezi Machi 1955, kusimama mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York na kueleza madai ya chama chake cha TANU, huku serikali iliyomtawala ikilazimika kumsikiliza. Uchaguzi wa 1958 na 1959, pamoja na masharti yake ya kura tatu yaliyomtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, ulikuwa mlango mwembamba, lakini ulikuwa mlango. Kenya haikuwa na udhamini huo, ilikuwa na walowezi, na ilipitia vita. Mau Mau, iliyotangaziwa hali ya hatari mwaka 1952, ilikwisha kuvunjwa nguvu kijeshi baada ya kiongozi wake Dedan Kimathi kukamatwa mwaka 1956, lakini gharama ya kuivunja ilichangia kuishawishi London kwamba kuwalinda walowezi milele kungekuwa biashara ya hasara.

Ureno ilikuwa nchi ya namna nyingine. António de Oliveira Salazar, aliyekuwa waziri mkuu tangu 1932, hakuwaruhusu Wareno wenyewe kuwa na vyama huru vya siasa, na ingekuwa ajabu awaruhusu Waafrika kile alichowanyima ndugu zake. Mwaka 1951 serikali yake ilibadili sheria na kuyaita makoloni mikoa ya ng'ambo, yaani sehemu za Ureno zilizo mbali tu, ili ikiulizwa katika Umoja wa Mataifa ijibu kwamba haina koloni lolote la kutolea taarifa. Aliyedai uhuru wa Msumbiji akahesabiwa kuwa mhaini anayetaka kuimega nchi, na akashughulikiwa na PIDE, polisi wa siri waliokuwa na watoa habari mijini na vijijini.

Nyuma ya sheria kulikuwa na uchumi. Uingereza na Ufaransa zilikuwa na viwanda na mabenki yaliyoweza kuendelea kuvuna faida Afrika hata baada ya bendera kubadilishwa, lakini Ureno, iliyokuwa miongoni mwa nchi maskini zaidi za Ulaya Magharibi, ilihofia kwamba ikitoka wengine wangechukua nafasi yake. Viwanda vyake vya nguo vilitegemea pamba iliyolimwa kwa lazima na wakulima wa kaskazini mwa Msumbiji, waliopangiwa eneo la kulima na kuuza kwa bei waliyotajiwa, na kilimo hicho cha kushurutishwa kilifutwa kisheria mwaka 1961 tu. Kulikuwa pia na chibalo, kazi ya lazima ambayo mwanamume aliyekosa kuthibitisha kwamba ana ajira au analipa kodi aliweza kuchukuliwa na kupelekwa shambani au barabarani kwa miezi. Mwafrika aliyetaka kuepuka hali hiyo aliambiwa awe asimilado, yaani mtu aliyekubaliwa kisheria kuwa amestaarabika kwa kipimo cha Kireno, lakini kufikia 1950, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 5, waliopewa hadhi hiyo hawakufika 5,000.

Mueda ndipo maombi yalipofikia mwisho. Tarehe 16 Juni 1960, katika mji huo mdogo wa nyanda za juu za Wamakonde mkoani Cabo Delgado, umati ulikusanyika kusikia majibu ya gavana kwa wajumbe waliotoka Tanganyika, ambako Wamakonde wengi wa Msumbiji walifanya kazi katika mashamba ya mkonge na walikuwa wakishuhudia jinsi TANU ilivyokuwa ikisonga mbele. Wajumbe walikamatwa, watu wakazuia wasichukuliwe, na askari wakafyatua risasi. Kumbukumbu rasmi ya FRELIMO, chama kilichokuja kuongoza vita, hutaja vifo hadi 600, ilhali watafiti wa baadaye wameona kwamba idadi halisi ilikuwa ndogo zaidi. Ubishi huo ni halali, lakini haubadilishi jambo lililo muhimu kwa sura hii, kwamba waliotoka Mueda wakiwa hai walivuka Ruvuma wakiwa wameacha kuamini maombi. Jambo kama hilo lilitokea Guinea ya Wareno tarehe 3 Agosti 1959, wafanyakazi wa bandari ya Bissau waliogoma walipopigwa risasi kwenye gati la Pidjiguiti, na chama cha PAIGC cha Amílcar Cabral kikaamua kujiandaa kwa vita.

Kwa ufupi, pale ambapo mtawala aliacha njia ya kusikilizwa, hata kwa shingo upande, harakati za Kiafrika karibu zote ziliitumia. Silaha zilikuja pale ambapo njia hiyo haikuwapo, na mara nyingi baada ya damu kumwagika katika jaribio la kuitafuta.

Watu 250

FRELIMO, kifupi cha jina la Kireno lenye maana ya Chama cha Ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kwa kuunganisha vyama vitatu vya wakimbizi na wafanyakazi wahamiaji: UDENAMO kilichozaliwa Rhodesia ya Kusini, MANU kilichokuwa na mizizi Tanganyika na Kenya, na UNAMI cha Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Muungano huo ulikuwa wa mashaka tangu mwanzo, kwa kuwa viongozi wake hawakufahamiana vizuri na kila mmoja alikuwa na wafadhili wake. Aliyechaguliwa kuuongoza, Eduardo Mondlane, alizaliwa mwaka 1920 katika mkoa wa Gaza, kusini mwa nchi, akasoma Marekani hadi shahada ya uzamivu, akafanya kazi Umoja wa Mataifa na kufundisha katika chuo kikuu cha Syracuse. Mtu wa namna hiyo hakuwa askari, na pengine ndiyo maana alikubalika, kwa kuwa hakuwa wa chama chochote kati ya vile vitatu.

Vita vilianza usiku wa tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio dhidi ya kituo cha utawala cha Chai, Cabo Delgado, likiongozwa na Alberto Chipande. Siku hiyo, kwa hesabu ya Mondlane mwenyewe, FRELIMO ilikuwa na wapiganaji wapatao 250 tu waliofunzwa na kupewa silaha, wengi wao wakiwa wametoka mafunzoni Algeria, nchi iliyokuwa imepata uhuru wake miaka miwili kabla, baada ya vita vikali na Ufaransa. Kwa eneo linalokaribia kilomita za mraba 800,000, idadi hiyo isingeweza hata kulinda barabara moja. Haikukusudiwa kufanya hivyo. Kazi ya mwaka wa kwanza ilikuwa kumfanya askari wa Kireno asitembee usiku, afisa wa kodi asifike kijijini bila ulinzi, na mwananchi aone kwamba serikali inaweza kupigwa na aliyeipiga akabaki hai.

Mto, mpaka na jirani

Mpango wa mwanzo ulikuwa kushambulia katika mikoa kadhaa kwa pamoja, na hapa ndipo jiografia ilipotoa hukumu. Katika Cabo Delgado na Niassa, mikoa inayopakana na Tanzania, vita vilishika. Katika Tete na Zambezia, mikoa iliyotegemea kupitia Malawi, vilizimika ifikapo 1965. Hakuna ushahidi kwamba watu wa Zambezia waliipenda Ureno kuliko wa Cabo Delgado. Tofauti ilikuwa kwamba kiongozi wa Malawi, Kamuzu Banda, ambaye nchi yake haina bahari na ilitegemea reli za Msumbiji kufika bandarini, aliamua kuishi kwa mapatano na Wareno, hivyo mpiganaji aliyejeruhiwa au kuishiwa risasi hakuwa na pa kurudi. Tete ilifunguliwa upya mwaka 1968, kwa kupitia Zambia iliyokwisha kuwa huru na iliyokuwa tayari kubeba hatari.

Eneo la namna hiyo, ambalo jeshi la msituni hulitumia kupumzika, kutibiwa, kufunzwa na kupokea silaha bila adui kulifikia kwa urahisi, huitwa uwanja wa nyuma. Kwa FRELIMO uwanja huo ulikuwa Tanzania, hasa kusini yake, na sehemu zake kuu ni hizi:

- Dar es Salaam, makao makuu ya chama na pia ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), iliyoundwa mwaka 1963 kugawa fedha na silaha kwa vyama vya ukombozi, na ambayo Mtanzania Hashim Mbita aliiongoza kwa miaka mingi hadi kazi yake ilipokwisha mwaka 1994;
- Kongwa, mkoani Dodoma, kambi ya mwanzo ya kijeshi, ambako pia waliishi wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Namibia na Angola;
- Nachingwea, kituo kikuu cha mafunzo, katika nyika ambako Waingereza walishindwa kulima karanga mwishoni mwa miaka ya 1940;
- Mtwara, Tunduru na Bagamoyo, penye hospitali na shule za chama.

Orodha hii haionyeshi gharama. Wakimbizi kwa makumi ya maelfu walivuka mto, wengi wakapewa mashamba katika makazi kama Rutamba, Lindi, na wenyeji, ambao wenyewe hawakuwa na ziada, waligawana nao visima, zahanati na ardhi. Vijiji vya kando ya Ruvuma viliishi na hofu ya ndege za kivita na mabomu ya kutegwa ardhini. Zaidi ya hayo, silaha zilizotoka China, Umoja wa Kisovieti na nchi nyingine ziliingia bandarini Dar es Salaam na kusafirishwa kwa malori mamia ya kilomita kwenda kusini, katika barabara ambazo wakati wa masika hata lori lisilobeba kitu lilikwama. Pale ambapo siku hizi mikoa ya Lindi na Mtwara hulalamika kwamba iliachwa nyuma kimaendeleo, haiwezekani kutenganisha kabisa malalamiko hayo na miaka ambayo mikoa hiyo ilikaa pembezoni mwa vita vya jirani.

Chumvi, nguo na jembe

Silaha zilipovuka Ruvuma, usafiri wa magari uliishia hapo. Kutoka mtoni hadi kwenye vituo vya ndani kila sanduku la risasi lilibebwa kichwani, kwa mwendo wa siku nyingi, usiku zaidi kuliko mchana, na waliobeba wengi wao walikuwa wanakijiji, wanawake kwa wanaume. Kuanzia 1967 FRELIMO ilikuwa na Kikosi cha Wanawake kilichopewa mafunzo ya kijeshi Nachingwea, na mmoja wa viongozi wake, Josina Machel, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, bado anakumbukwa tarehe hiyo kila mwaka kama Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. Picha ya vita iliyozoeleka ni ya mtu mwenye bunduki, lakini kwa kila mtu mmoja wa namna hiyo palikuwa na wengine kadhaa waliolima chakula chake na kubeba mzigo wake, na bila hao asingefika wiki ya pili.

Swali gumu zaidi lilikuja pale vita vilipofaulu. Wareno walipoondoka katika sehemu kubwa ya vijiji vya Cabo Delgado na kujifungia katika ngome zao, wenye maduka nao waliondoka. Duka la Mreno au la Mhindi lilikuwa la unyonyaji, lakini ndilo lililokuwa likinunua korosho, ufuta na karanga, na ndilo lililouza chumvi, nguo, jembe, kiberiti na sabuni. Mkulima aliyeambiwa kwamba amekombolewa, akajikuta anakula mboga isiyo na chumvi na mkewe hana kanga ya kubadilisha, angeupima ukombozi huo kwa namna yake. Adui alilijua hilo, akawa anatangaza kwa vipaza sauti vya ndegeni na kwa vikaratasi kwamba wanaorudi upande wa serikali watapata bidhaa.

FRELIMO ililazimika kuwa serikali kabla ya kuwa na nchi. Katika maeneo iliyoyaita yaliyokombolewa, yaani yale ambayo adui hakuweza tena kukusanya kodi wala kukaa bila ngome, ilianzisha shule chini ya miti, zahanati zenye dawa chache, mashamba ya pamoja na biashara ya kubadilishana. Mazao yalibebwa hadi Ruvuma na kuuzwa Tanzania, na wapagazi walirudi na chumvi, nguo na zana. Hapo ndipo ulipozaliwa mgogoro ambao wanahistoria wengi huuhesabu kuwa mkubwa kuliko mapigano mengi. Lázaro Nkavandame, mzee wa Kimakonde aliyekuwa ameanzisha ushirika wa wakulima miaka ya 1950 na ambaye sasa alisimamia mkoa wa Cabo Delgado, alishutumiwa kuigeuza biashara hiyo kuwa mali yake na ya wenyeviti aliowateua, akinunua rahisi na kuuza ghali kwa watu waliokuwa wakihatarisha maisha. Yeye kwa upande wake aliona kwamba viongozi waliotoka kusini, wenye shule na lugha ya Kireno, walikuwa wakiwatumia Wamakonde kama kuni za moto wa wengine. Inafaa kukubali kwamba shutuma zote mbili zilikuwa na ukweli ndani yake. Mwaka 1969 Nkavandame alijisalimisha kwa Wareno, waliomtumia kuwataka Wamakonde waweke silaha chini, na inaelezwa kwamba ni wachache waliomfuata, jambo linaloonyesha kwamba kufikia wakati huo wapiganaji na wapagazi walikuwa na sababu zao wenyewe za kuendelea.

Ugomvi ndani ya nyumba

Mgogoro wa Nkavandame ulikuwa sehemu ya mgongano mpana. Mwezi Machi 1968 wanafunzi wa Taasisi ya Msumbiji, shule ya chama iliyokuwa Kurasini, Dar es Salaam, waliasi, wakikataa pamoja na mambo mengine kupelekwa vitani badala ya kuendelea na masomo ng'ambo, na shule ikafungwa. Mwezi Julai mwaka huo mkutano mkuu wa pili ulifanyika Matchedje, ndani ya Niassa, ili kuonyesha kwamba chama kinaweza kukutana katika ardhi yake, na Mondlane akachaguliwa tena. Tarehe 3 Februari 1969 alifungua kifurushi kilichokuwa na kitabu kilichotegwa bomu, katika nyumba moja ya Oysterbay, Dar es Salaam, akafa papo hapo. Kwamba PIDE ilihusika hakuna mwenye shaka kubwa, lakini swali la nani ndani ya chama alisaidia kifurushi kifike halijapata jibu linalokubaliwa na wote.

Uongozi uliwekwa mikononi mwa watu watatu, Uria Simango, Marcelino dos Santos na Samora Machel, lakini mwishoni mwa mwaka Simango alitoa waraka wa kuwashutumu wenzake, akafukuzwa, na mwaka 1970 Machel akawa rais. Machel, aliyezaliwa 1933 na aliyekuwa muuguzi, alikuwa amekwisha kuliongoza jeshi tangu mkuu wake, Filipe Magaia, alipouawa mwaka 1966. Kwa vita, ushindi wa upande wake ulikuwa na faida iliyo wazi, kwa kuwa amri ilitoka mahali pamoja. Kwa siasa ya baadaye ulikuwa na gharama: chama kilijifunza kwamba anayepinga ni msaliti, na somo hilo, likiwa limefundishwa kambini chini ya mabomu, halikuachwa kambini. Simango, Nkavandame na wengine walionyeshwa hadharani kama wasaliti Nachingwea mwaka 1975, na baada ya uhuru wakauawa bila kupitia mahakama ya haki.

Jenerali aliyetaka kumaliza vita

Katikati ya mwaka 1970 kamanda mpya wa Kireno, Jenerali Kaúlza de Arriaga, alianzisha operesheni kubwa kuliko zote za vita hivyo katika nyanda za Wamakonde, akitumia ndege, mizinga na askari wanaokadiriwa kufika 35,000. Kambi nyingi zilitekwa, wengi walikufa, na magazeti ya Lisbon yalitangaza ushindi. Lakini kambi ya msituni ni vibanda na mahandaki, na waliofukuzwa humo walitawanyika, wengine wakavuka mto, na chama kikazidisha nguvu Tete, ambako Wareno walikuwa wakijenga bwawa la Cahora Bassa kwenye mto Zambezi. Jeshi lililolundikwa kaskazini likalazimika kulinda bwawa, kisha reli ya Beira, kisha mashamba ya walowezi.

Wareno walitumia pia njia ya kuwahamisha wakulima na kuwaweka katika vijiji vilivyozungushiwa uzio, vilivyoitwa aldeamento, ili mpiganaji akose wa kumlisha. Pale ambapo watu walishukiwa, yalifuata mambo kama ya Wiriyamu, mkoani Tete, tarehe 16 Desemba 1972, ambako makomando waliua mamia ya wanakijiji katika siku moja. Habari hiyo ilifichwa hadi Julai 1973, mapadri Wakatoliki waliokusanya ushahidi walipomfikishia Padri Adrian Hastings, na gazeti la The Times la London likaichapisha siku chache kabla ya Marcelo Caetano, mrithi wa Salazar, kuzuru Uingereza.

Vita viliamuliwa Lisbon

Kwa kipimo cha kijeshi FRELIMO haikulishinda jeshi la Ureno. Hadi mwaka 1974 haikuwa imeteka mji mkubwa hata mmoja, na Lourenço Marques, mji mkuu ambao leo ni Maputo, uliendelea na mikahawa yake na fukwe zake kana kwamba vita viko bara jingine. Lakini Ureno ilikuwa ikipigana vita vitatu kwa wakati mmoja, Angola tangu 1961, Guinea tangu 1963 na Msumbiji tangu 1964, kwa nchi yenye watu wapatao milioni 9. Matumizi ya kijeshi yalifika karibu asilimia 40 ya bajeti ya serikali. Vijana walitumikia jeshini miaka mitatu au minne, wengine wakatorokea Ufaransa kufanya kazi za ujenzi, na waliokufa katika vita vyote vitatu walikaribia 9,000. Waliouelewa mzigo huo kwanza walikuwa maofisa wa cheo cha kati, makapteni na mameja, waliorudishwa Afrika mara ya pili na ya tatu kulinda kitu ambacho wenyewe hawakukiamini tena, na huko Guinea hali ilikuwa mbaya zaidi kwao kuliko Msumbiji.

Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa hao waliipindua serikali ya Caetano karibu bila upinzani, na wananchi wakawachomekea askari maua katika mitutu ya bunduki. Rais mpya, Jenerali António de Spínola, hakukusudia uhuru kamili. Alitaka mapigano yasimamishwe kwanza, kisha ifanyike kura ya maoni juu ya aina fulani ya shirikisho. Ujumbe wa FRELIMO uliokutana na waziri wa mambo ya nje Mário Soares mjini Lusaka mwezi Juni ulikataa, ukisema uhuru si kitu cha kupigiwa kura, na vita vikaendelea: Zambezia ilifunguliwa upya, na tarehe 1 Agosti wapiganaji waliizingira ngome ya Omar, karibu na Ruvuma, wakawataka waliomo kwa kipaza sauti wajisalimishe, wakawachukua askari zaidi ya 100 na kuwavusha hadi Tanzania. Hakuna jeshi linalopenda kufa katika wiki ya mwisho ya vita. Tarehe 7 Septemba 1974 mkataba ulitiwa saini Lusaka, ukikubali uhuru kamili na serikali ya mpito iliyoongozwa na Joaquim Chissano, na Juni iliyofuata Machel akatangaza uhuru Maputo, baada ya safari ndefu iliyoanzia ukingo wa Ruvuma.

Zamu ya Msumbiji kuwa uwanja wa nyuma

Ndani ya mwaka mmoja Msumbiji ilijikuta mahali pale pale palipokuwa Tanzania. Mwezi Machi 1976 ilifunga mpaka wake na Rhodesia ya walowezi wa Ian Smith, ikapoteza mapato ya reli na bandari ya Beira, na ikawapokea wapiganaji wa ZANLA, jeshi la chama cha ZANU. Malipo yalikuwa makali kuliko yale ya Mtwara. Ndege na makomando wa Rhodesia walishambulia Nyadzonia mwaka 1976 na Chimoio mwaka 1977, wakiua wakimbizi pamoja na wapiganaji, na idara ya ujasusi ya Rhodesia ikasaidia kuunda RENAMO, kundi lililopata pia wafuasi kutokana na hasira za wakulima dhidi ya sera za FRELIMO yenyewe, na ambalo vita vyake havikukoma hadi mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992.

Kwa hiyo mazungumzo juu ya uhuru wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, yalipofanyika Lancaster House, London, kuanzia Septemba 1979, Maputo ilikuwa na hesabu yake. Robert Mugabe, kiongozi wa ZANU, aliona masharti ya Waingereza, hasa kuhusu ardhi na namna majeshi yatakavyokusanywa kambini, kuwa ya kudhalilisha, na alikuwa tayari kurudi msituni akiamini kwamba ushindi kamili ulikuwa karibu. Aliyemzuia ni Samora Machel, mtu ambaye miaka mitano kabla alikataa kusimamisha mapigano hata kwa siku moja. Alimfikishia ujumbe kwamba Msumbiji haiwezi kuendelea kubeba vita hivyo, na kwamba akikataa kutia saini asitegemee tena kambi zake. Mkataba ulitiwa saini tarehe 21 Desemba 1979.